Nyumba ya Gandy Imepumzika

Katika mji wa Marwich, kumwambia mtu kwamba nyumba yake imepinda ni sawa na kumwuliza mjane umri wake mbele ya kanisa zima. Wazee wa mji huo, babu kwa mjukuu, walivuta maji ya chumvi kutoka chini ya ardhi, wakayachemsha kwenye vikaango vipana kama ua wa shule, chumvi wakaiuza mpaka ng'ambo. Chumvi ikaenda, mapango yakabaki, na mji ukabaki umekaa juu ya mapango. Ndiyo maana nyumba za pale hujengwa kwa fremu za mbao juu ya magogo, ili ardhi ikishuka ziinuliwe kwa jeki kama gari lililopata pancha. Na ikiwa moja imelala upande, jirani mwungwana hasemi imepinda. Husema imepumzika.

Nyumba ya mzee Clement Gandy ilipumzika sana. Ilipumzikia upande wa mfereji tangu siku za marehemu baba yake, na watu wote wa Mtaa wa Tanuri walilijua hilo isipokuwa Clement mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini Clement alikuwa na udhuru mzuri kuliko wa nyani: alikuwa na kipimo. Baba yake alimwachia pimamaji ya mbao, ile yenye kioo na kipovu ndani yake. Mara ya mwisho mzee yule alipoinua nyumba, aliilaza pimamaji sakafuni, akaona kipovu kimekimbilia pembeni, akawaza, akachoka, kisha akabandika kipande cha ubao chini ya ncha moja mpaka kipovu kikarudi katikati.

"Kifaa kilikuwa na kasoro," akasema, akaenda kunywa chai.

Tangu siku hiyo nyumba ya Gandy ikawa imenyooka. Na kwa pimamaji hiyohiyo Clement alithibitisha, mwaka hadi mwaka, kwamba kanisa limepinda, posta imepinda, na ukumbi wa mji umepinda vibaya sana.

Sasa alikuwa mgane, amestaafu kazi ya vikaangoni, na alitaka kuuza. Sababu haikuwa fedha. Dada yake, Winifred, aliishi peke yake Llandudno, kando ya bahari, na macho yake yalikuwa yakizimika kama taa inayoishiwa mafuta. Wiki iliyopita alikuwa ametia chumvi kwenye chai na kumkaribisha ndani mtu wa gesi akidhani ni mchungaji. Nyumba iliyoshikana na yake, ndogo, isiyo na ghorofa, ilikuwa inauzwa. Clement akiipata, angeweza kugonga ukuta asubuhi na Winnie angegonga kumjibu. Asipoipata, Winnie angepelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa ameapa kwamba huko hataingia ila kwa kubebwa.

"Mwenye ile nyumba anahamia kwa mwanawe Kanada," alieleza Bi. Tunnicliffe, dalali, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta aliyemwita kila mtu kipenzi, hata askari wa barabarani. "Atakusubiri mpaka mwisho wa mwezi tu, kipenzi. Ana mnunuzi mwingine mlangoni. Kwa hiyo Bwana Pargeter anunue yako, wewe ununue ya Llandudno, yule mama aende zake. Ni mnyororo. Pete moja ikikatika, sote tunaanguka."

"Mimi sikatiki," alisema Clement.

"Najua, kipenzi. Ndiyo ninachokiogopa."

Huyo Bwana Lionel Pargeter alikuwa tarishi mstaafu kutoka Manchester, mtu mrefu, mpole, aliyezaliwa mguu wa kulia mfupi kuliko wa kushoto. Kiatu chake cha kulia kilikuwa na soli nene kama mkate. Siku alipokuja kuiona nyumba mara ya kwanza, mvua ilikuwa inanyesha, na katika nyumba ya Gandy hakuna aliyekanyaga zulia jeupe la marehemu mkewe, Hilda, akiwa na viatu, awe tarishi awe askofu. Pargeter alisimama mlangoni, akaona haya, akavua kiatu chake mbele ya mtu asiyemjua. Kisha akaanza kutembea kuelekea jikoni, akiwa na soksi.

Alipofika katikati ya ukumbi alisimama. Akatazama miguu yake. Akaendelea polepole, wima, kifua mbele, kama askari mbele ya mfalme. Jikoni alikaa muda mrefu sana akilisifu sinki. Na aliporudi mlangoni alirudi kinyumenyume, uso wake ukimwelekea mwenyeji.

Clement alipendezwa mno. "Watu wa Manchester wana adabu siku hizi," alimwambia jirani yake Sidney Hulse jioni ile. "Hakunipa mgongo hata mara moja."

Pargeter akatoa ahadi ya kununua kwa bei kamili, pauni elfu arobaini na nane. Lakini katika nchi ile ahadi ya kununua nyumba haimfungi mtu mpaka mawakili wabadilishane mikataba. Kabla ya hapo ni maneno matupu yaliyovaa tai. Katikati hapo ndipo hupita mkaguzi wa nyumba, naye alipita, mtu kutoka mbali, asiyejua desturi. Akaandika ripoti.

Siku tatu baadaye Pargeter alikuwa amekaa jikoni kwa Clement, ripoti mezani, chai mbele yake, jasho usoni. Bi. Tunnicliffe alikaa kati yao kama mwamuzi wa ndondi. Kwanza walizungumzia mvua. Walipoimaliza mvua wakazungumzia uwezekano wa mvua. Clement alipokea samahani nne kabla hajajua anaombwa samahani ya nini.

"Samahani sana, Mzee Gandy," alisema Pargeter. "Si mimi. Ni ripoti."

"Ripoti haina mdomo. Isome."

Pargeter akasoma. Mkaguzi alisema hakuweza kuinua zulia, hivyo hawezi kuthibitisha kwamba chini yake kuna sakafu. Alisema siku ile kulikuwa na ukungu, hivyo hachukui jukumu lolote kuhusu paa. Alisema paka alikuwa amelala mbele ya mlango wa stoo na hakuonekana kuwa tayari kuondoka, hivyo stoo haikukaguliwa.

"Hiyo ni kweli," alisema Clement. "Kapteni haondoki kwa watu asiowajua. Endelea."

Pargeter aligeuza ukurasa. "Kisha anasema... samahani... anasema, 'Nyumba imepinda.'"

Bi. Tunnicliffe alifumba macho. Kapteni, paka mzee wa kijivu, aliinuka akatoka, bega lake likisugua ukuta kama kawaida yake.

"Neno hilo," Clement alisema taratibu, "halijawahi kutamkwa humu ndani."

"Si neno langu, mzee. Mimi binafsi ningesema..."

"Ungesema nini?"

"Ningesema inahitaji kupunguzwa pauni elfu tatu."

"Ndiyo desturi, kipenzi," Bi. Tunnicliffe aliingilia haraka. "Ripoti ikitoka, mnunuzi hupunguza. Asiyepunguza watu humcheka. Mkaguzi naye asipoona kosa, nani atamwita tena? Mpe elfu mbili tumalize, chai isipoe."

Clement alikwenda kabatini, akaleta pimamaji ya baba yake, akaipangusa kwa mkono wa sweta na kuilaza sakafuni. Kipovu kikakaa katikati, kimetulia kama yai kwenye kiota.

"Haya. Nani amepinda?"

Pargeter alikuwa mtu wa haki. Aliinama akakitazama kipovu, akashangaa. Kisha akachukua chungwa katika bakuli la matunda, akaliweka sakafuni karibu na mlango, akaliachia. Chungwa likasita kidogo, kama linaloona aibu, halafu likaondoka. Likapita chini ya meza, likaongeza mwendo, likagonga ukuta wa upande wa mfereji kwa kishindo.

"Chungwa hilo limetoka Hispania," alisema Clement. "Linajua nini kuhusu nyumba hii?"

"Kwa hiyo tujaribu kitu cha hapa?"

"Jaribu."

Kulikuwa na kitunguu Clement alichokilima mwenyewe nyuma ya nyumba. Pargeter akakiachia. Kitunguu nacho kikaenda, kwa kuyumbayumba, mpaka kikasimama pembeni mwa chungwa.

"Mwaona?" alisema Clement. "Kinamfuata mwenzake."

Bi. Tunnicliffe alikohoa ndani ya kikombe. Pargeter alijaribu kuwa imara, maana marehemu mama yake alimfundisha kwamba anayelipa bei ya kwanza hulipa na ujinga wake. "Mzee wangu," alisema, "naipenda nyumba hii. Naipenda kuliko unavyofikiri. Lakini siwezi kuwaambia watu kwamba nimesoma neno lile kwenye ripoti nikalipa bei kamili. Elfu mbili na mia tano."

"Hata pauni moja, sitoi. Nikipunguza, nimekiri. Baba yangu yuko pale makaburini, amelala wima..."

"Amelala wima vipi, kipenzi?"

"Amelala sawasawa! Msinichanganye." Clement alinyanyuka, akashika meza. Moyoni alimwona Winnie akibebwa mlangoni na watu wawili waliovaa nguo nyeupe. Bila mnunuzi huyu, mwisho wa mwezi ungepita na nyumba ya Llandudno ingekwenda. Lakini ulimi wake ulikuwa haujui njia ya kushuka. Ndipo alipopata wazo ambalo mtu wa Marwich tu angelipata, tena akaliona kuwa ni la hekima.

"Bei haishuki," alisema. "Nyumba itapanda. Kama pima yenu ya Manchester inataka upande wa mfereji uinuliwe, nitauinua. Jumamosi. Jeki zipo, majirani wapo. Nitawapindishia nyumba yangu iliyonyooka mpaka mkaguzi wenu aione imenyooka. Halafu utalipa bei kamili, na ripoti utawashia moto."

Bi. Tunnicliffe alipiga makofi. "Sasa hayo ndiyo mazungumzo!"

Lakini Pargeter alikuwa amegeuka rangi, mweupe kuliko zulia la Hilda. "Hapana haja," alisema. "Kweli, mzee. Usijisumbue. Labda elfu mbili tu. Labda elfu moja."

"Nimesema."

"Mia tano! Iache kama ilivyo, unipunguzie mia tano."

"Umeona anavyoogopa?" Clement alimnong'oneza dalali. "Anajua nitashinda."

Pargeter aliondoka akiwa amenywea, kinyumenyume, bila kumaliza chai yake.

Katika mji ule, mtu akiinua nyumba, mtaa mzima hutoka. Hakuna malipo, mwenye nyumba hutoa mkate wa nyama na bia, na siku yako ikifika utasaidiwa. Sidney Hulse ndiye aliyekuwa mlinzi wa jeki za mtaa, na alizileta Jumamosi asubuhi kwa toroli, uso umekunjamana.

"Clem, ndugu yangu," alisema, "umefikiria vizuri? Nyumba zetu zote upande huu zimepumzika pamoja. Kama abiria waliosinzia benchi moja. Ukimwamsha mmoja akae wima, wengine wataonekanaje?"

"Zenu zimenyooka, Sid. Hii ni kwa ajili ya mgeni tu."

"Unasikia?" Sidney aliwageukia wenzake. "Zetu zimenyooka." Wote wakatikisa vichwa, kwa adabu.

Wakaingiza jeki chini ya magogo upande wa mfereji. Sidney akapuliza filimbi. Kila mtu akazungusha robo. Filimbi tena, robo tena. Nyumba ilikohoa. Ikatoa vumbi madirishani, ikapiga kelele katika maungio yake kama mzee anayeamshwa kwa ajili ya wageni. Pargeter alisimama barabarani na kiatu chake kinene, akifuata kila robo kwa macho ya mtu anayeona mali yake ikiibwa. Pimamaji waliyotumia ilikuwa ya kuazima, mpya, kutoka mji mwingine. Kipovu chake kilipofika katikati, Sidney akapuliza filimbi ndefu, na kazi ikaisha.

Watu wakarudi nyuma kutazama. Katika safu nzima ya Mtaa wa Tanuri, nyumba nyingine zote zikiwa zimeegemea mfereji kwa upole, moja tu ilikuwa imesimama kwa ubavu mwingine, kama mlevi katikati ya maandamano ya kanisa.

Mama mmoja aliyepita na kikapu alisimama. "Maskini Bwana Gandy," alisema, kisha akasahau adabu kabisa. "Nyumba yake imepinda!"

Clement alijikaza, akamkaribisha Pargeter. Mlango ulikataa kufunguka. Ulikuwa umepunguzwa ukingo zamani ili utoshe kwenye fremu ya wakati ule. Wanaume wawili wakausukuma. Ndani, Clement alipiga hatua tatu akayumba, kama yuko melini. Kila alipoweka mguu, sakafu ilikuwa mahali pasipostahili. Kapteni aliingia, akalegeza bega lake kuelekea ukuta kama alivyofanya maisha yake yote, akaukosa, akaanguka, akamtazama Clement kama mtu aliyesalitiwa. Na vitu vilikuwa vimeinama! Meza ya jikoni ilielekea upande wa ndani, na vikombe vilikuwa tayari vimeteremka mpaka ukingoni. Kabati la vyombo liliegemea vibaya. Kitanda, alichokiona kupitia mlango wa chumbani, kilikuwa kimesimama kama mtelezo wa watoto.

"Nyumba imenyooka lakini samani zimepinda," alisema Sidney, akikuna kichwa. "Inawezekanaje?"

Clement alipiga magoti pembeni ya meza, akainua kitambaa. Chini ya miguu miwili ya upande wa mfereji kulikuwa na kabari, vipande vya mbao vilivyochongwa vizuri, vikapakwa rangi ileile ya meza ili visionekane. Akatambaa mpaka kabatini. Kabari. Akaenda kitandani, akainua shuka. Kabari, na hizi zilikuwa zimefunikwa kwa soksi zake za zamani zisikwaruze sakafu.

Alikaa sakafuni, ameshika moja mkononi.

"Hilda," alisema.

Hilda alikuwa ameolewa pale kutoka Stoke, msichana wa kiwanda cha vyombo vya udongo, mtu aliyejua sahani iliyokaa sawa ni ipi. Miaka yote ya ndoa yao supu haikumwagika, na Clement alikuwa akijisifia hilo mbele ya wageni kama ushahidi wa nyumba. Na yule mama alikuwa akitabasamu, akimwongezea supu.

Wakati huo, ukumbini, Pargeter alikuwa amevua kiatu. Alitembea kuelekea jikoni, na mwili ukashuka kulia, ukapanda kushoto, ukashuka kulia. Alipofika alijishika mlangoni. Akageuka akarudi, akichechemea vilevile. Alijaribu kinyumenyume. Vilevile. Kisha akakaa kwenye ngazi, kiatu mapajani, na watu waliomfuata wakaona kwamba mtu mzima yule anakaribia kulia.

"Mmeiharibu," alisema.

"Tumeinyoosha, kipenzi!" alisema Bi. Tunnicliffe. "Ulitaka nini zaidi?"

"Nilitaka ile iliyopinda!" Neno lilitoka kwa sauti, na nje watu wakashika vinywa. "Miaka thelathini na minne nimepeleka barua kwa miguu hii. Watoto wananifuata nyuma wakiniiga. Siku ile nilipovua kiatu hapa mlangoni, sakafu iliuinua mguu mfupi, nikatembea kama watu. Kutoka hapa mpaka jikoni, kama watu! Nilikaa pale penye sinki nikisema, Lionel, usilie mbele ya mwenye nyumba."

Clement alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, kabari mkononi. "Kwenda jikoni, sawa," alisema. "Na kurudi je? Si kunakuwa kubaya maradufu?"

"Kurudi narudi kinyumenyume."

"Mimi nilidhani ni adabu."

"Na jikoni nilikusudia kukaa sana," alisema Pargeter.

Sidney aliangua kicheko, akajizuia, akaangua tena. Na mwisho hata Pargeter mwenyewe akacheka, akijifuta pua kwa soksi iliyokuwa karibu.

"Basi kwa nini ulitaka upunguziwe?" aliuliza Clement. "Kitu unachokitaka, unakidai punguzo?"

"Desturi," alisema Pargeter, na kila mtu akaona hilo ni jibu kamili.

Bi. Tunnicliffe alinusa biashara kabla wengine hawajamaliza kucheka. Biashara haigombi, nayo alikuwa anaijua kama mganga anavyojua mizizi. Alimweka kila mmoja upande wake wa meza iliyoinama, akashika vikombe visianguke.

"Nisikilizeni. Bwana Pargeter, nyumba ikirudishwa ilivyokuwa, utalipa bei kamili?"

"Nitalipa leo. Lakini nataka iandikwe. Wakili aandike kwamba ninauziwa nyumba iliyopinda, kwa kiasi kilekile kilichotajwa kwenye ripoti, na upande uleule. Nisije nikahamia nikaikuta imenyooka tena. Na yeye atie sahihi."

Wote wakamgeukia Clement. Alijua wanachokingoja. Alikuwa amekataa pauni elfu tatu kwa ajili ya neno moja, na sasa neno hilohilo lilitakiwa liandikwe kwa wino, na jina la Gandy chini yake.

Alisimama, akaenda kwenye simu ukumbini, akiyumba kwa sababu ya unyoofu. Akapiga Llandudno. Simu iliita sana. Winnie alikuwa akiitafuta kwa kupapasa.

"Winnie. Ni mimi. Ile nyumba yetu..." Alishusha sauti, lakini ukumbi ulikuwa umejaa watu waliosimama kimya kabisa ili wasisikilize. "Ile nyumba yetu imepinda?"

"Baba alituambia tusiseme," alisema Winnie.

"Baba hayupo. Imepinda?"

"Clem, mimi nilianguka kitandani kila usiku mpaka nilipoolewa. Ulidhani nilikuwa napenda sakafu?"

"Na Hilda alijua?"

"Hilda aliniandikia wiki ya kwanza ya ndoa yenu kuniomba msumeno mzuri. Alisema, 'Ana furaha sana na nyumba yake, Winnie, simwambii.' Sasa niambie wewe. Unakuja au hauji? Maana leo kuna mama amekuja na fomu za ile nyumba ya wazee, na nimemwambia kaka yangu anakuja. Nimeongopa?"

Clement aliitazama kabari mkononi mwake. "Hukuongopa," alisema.

Akarudi jikoni, akabaki amesimama, kwa sababu kiti nacho kilikuwa kimeinama. "Mwandikie wakili," alimwambia Bi. Tunnicliffe. "Mwambie mimi, Clement Gandy, nauza nyumba iliyo..." Akasimama. Sidney alitazama dirishani. Pargeter alitazama kiatu chake. "Nyumba iliyopinda," alisema Clement. "Imepinda sana. Hakuna iliyopinda kama hii Marwich nzima, na atakayesema yake imepinda zaidi aje na chungwa."

Nje watu walishangilia, na Sidney akatoka mbio na filimbi yake kabla mtu hajabadili mawazo. Waliishusha nyumba robo kwa robo, huku Pargeter akitembea ndani na soksi, akipiga kelele kupitia dirishani: "Bado! Bado! Kidogo tena! Hapo! Msiguse!" Kapteni aliukuta ukuta wake. Vikombe vikatulia mezani.

"Kuna jambo moja," alisema Pargeter walipopeana mikono. "Naona haya kulitaja. Marehemu mama yangu..."

"Unataka kupunguziwa."

"Hata kidogo tu. Niweze kulala."

Clement alifikiri. "Pauni moja," alisema. "Kwa heshima ya chungwa."

Mnyororo haukukatika. Kabla mwezi haujaisha, lori lilimpeleka Clement Llandudno na samani zake, paka wake, na sanduku dogo la viatu ambalo hakumruhusu mtu wa lori kulibeba. Nyumba ya huko haikuwa imekaguliwa. Bi. Tunnicliffe alimsihi amwite mkaguzi, naye akajibu kwamba amekwisha kusoma ripoti moja na inamtosha.

Winnie alikuja jioni hiyohiyo, mkono mmoja ukipapasa ua, mwingine umeshika keki aliyoioka mwenyewe na ambayo Mungu tu alijua ndani yake mna nini. Alisimama katikati ya sebule. Akakanyaga hapa, akakanyaga pale. Akauweka mkono ukutani, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Clem," alisema. "Umeuziwa nyumba iliyopinda."

"Imenyooka, Winnie. Nimeipima kwa chungwa."

"Ndiyo hiyo ninayosema. Utaweza kulala?"

"Mchana nimejaribu. Kwenye kiti nimelala. Kitandani, bila kabari za Hilda, nimeshindwa."

Winnie aliweka keki chini, akanyoosha kiganja chake hewani, akingoja, kama mtu anayejua kilichomo katika nyumba ya kaka yake hata asipokiona. Clement akafungua sanduku la viatu. Akachagua mbili, zile zenye soksi, akamwekea moja mkononi. Kisha wazee wale wawili wakapiga magoti, kila mmoja kwenye mguu wake wa kitanda, wakaanza kubishana upande gani ndio uliokuwa wa mfereji.